Mwanamisi na Mistari Isiyopenda Wageni

Kama ungefika chuo kile cha ufundi cha Ruiru miaka ya tisini ukitafuta maabara, hungehitaji kuonyeshwa njia. Ungefuata tu sauti ya Mwanamisi Faki. Mama huyo akiongea na mtu aliye mezani kwake, wachuma kahawa wa shamba la jirani walikuwa wanasikia na kujibu.

Na ukishaifikia sauti, chai ungeipata tu. Hakuna aliyevuka mlango wa Mwanamisi akatoka na mdomo mkavu. Umekuja kuazima betri? Keti kwanza. Umekuja kulalamika kwamba mizani imeharibika? Keti, bwana, mizani haikimbii. Chupa ya chai ya lita tatu ilikaa humo siku nzima, chai ya maziwa na tangawizi, na saa nne asubuhi na saa kumi jioni nusu ya walimu walikuwa wamejipanga ndani wakipiga gumzo. Ndivyo alivyolelewa. Mama yake, Bi Hayat wa Kamenu kule Thika, alikuwa mtu wa kukunasa kibao ukimwacha mgeni amesimama mlangoni.

Kwenye barua ya kazi aliandikwa mtunza maabara. Maana yake ni kuosha chupa, kufunga makabati na kutafuta thamomita zilizopotea. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Walimu wa fizikia walikuja wakaenda, wengine hata muhula hawakumaliza, na kila aliyeondoka alimwachia daftari zake za kufundishia. Alizisoma zote. Pale asipoelewa alisema hajaelewa, tena mbele za watu, na alipoelewa pia hakunyamaza. Ukimwambia fizikia si ya mama wa Kamenu, angekuuliza ni ya mama wa wapi.

Mwaka wa tisini na sita chuo kilipokea sanduku la vifaa vilivyotumika kutoka ng'ambo. Walimu walichagua walivyotaka, na kilichobaki kikasukumwa kwa Mwanamisi: leza moja ya mwanga mwekundu, vioo vichache vidogo, kioo kimoja cha ajabu kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na jarida la sayansi lililotumika kufungia hivyo vioo visivunjike. Aliichomeka leza kwenye umeme, ikawaka. Jarida alilipiga pasi likanyooka, akalisoma wiki nzima na kamusi mkononi.

Jarida lilisema hivi. Kule Marekani watu walikuwa wanajenga mashine mbili za kunasa mawimbi ya mvutano. Nyota mbili zilizokufa, nzito kupita kiasi, zikizungukana mpaka zikagongana, nafasi yenyewe inatikisika, na mtikisiko huo unasafiri mpaka huku kwetu. Ukipita, kila kitu kinavutika upande mmoja na kubanwa upande wa pili, wewe, nyumba yako, na Thika nzima, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho rula yoyote haiwezi kupima. Mwanga ndio unaoweza. Unaugawa mwanga wa leza mara mbili, unaupeleka kwenye mikono miwili iliyokaa pembe mraba, kioo cha mwisho wa kila mkono kinaurudisha, na ukikutana tena unachora mistari ukutani, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi. Mkono mmoja ukirefuka hata kwa sehemu ya mia mbili ya unene wa unywele, mistari imeshasogea. Mikono ya Wamarekani ilikuwa ya kilomita nne kila mmoja.

“Hizo kilomita nne ni zao,” alimwambia Njambi, mwalimu wa taipu, rafiki yake wa kufa kuzikana. “Mimi naanza na sentimita sabini.”

“Ngai! Na hiyo sabini itashika nyota?”

“Wacha nijenge kwanza. Utaniuliza baadaye.”

Akajenga. Ilibidi kwanza atafute kitu kizito kisichotikisika ovyo, kwa hivyo alienda kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugu akaagiza bamba moja zima, pana kama meza ya kulia. Mchonga mawe alidhani ni la kaburi, akampa pole. Wanaume wanane walilibeba mpaka maabara wakilaani kila hatua. Kisha kaka yake Fahim, fundi wa pancha mjini Thika, akamletea tyubu tatu za trekta zilizokuwa zimelima mashamba ya mananasi. Walizitia upepo kidogo, wakaziweka sakafuni, na jiwe likalazwa juu yake. Mtikisiko wa lori barabarani ukifika kwenye tyubu unachoka hapo hapo.

“Dada, miaka yote nimeweka tyubu chini ya magari,” Fahim alisema akijifuta jasho. “Hii ya kuweka chini ya jiwe, ukiulizwa usinitaje.”

Vioo alivifunga kwa skrubu kwenye vipande vya chuma, akavigundisha juu ya jiwe, na kwa majuma matano alikuwa akizungusha skrubu hizo kwa pumzi ya kuhesabu. Asubuhi moja ya Oktoba, saa mbili hivi, doa moja jekundu ukutani lilipanda juu ya jingine, na ndani yake mistari ikatokea, ukubwa wa sahani ya kikombe, imesimama wima. Mwanamisi alipiga kigelegele, mtunza bustani akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka. Ilikuwa furaha ya kweli, ya kukaa chini sakafuni na kucheka peke yako.

Sasa, mkuu wa chuo, Bwana Urbanus Kaleli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kompyuta tu. Miaka hiyo kila mzazi alitaka mtoto wake asome kompyuta, na chuo kilikuwa kimeahidiwa kumi na mbili kufikia Februari. Zilihitaji chumba chenye kufuli imara, pazia nzito, kisichoingia vumbi. Chumba kama hicho chuoni kilikuwa kimoja, na ndani yake mlikuwa na jiwe juu ya tyubu za trekta.

Hata hivyo alikuja kuona kwanza, hilo tumpe. Alikuja saa nne asubuhi na walimu wanne, wakasalimiana kwa mikono mmoja mmoja, wakakaribishwa, wakavutiwa viti mpaka karibu na jiwe, wakamiminiwa chai. Mwanamisi akageuka kuwaonyesha ukuta. Mistari ilikuwa inakimbia kama imefukuzwa. Ikakorogeka, ikabaki doa tupu jekundu.

“Mwanamisi,” Kaleli alisema akipuliza kikombe chake, “mawimbi yako yameona wakubwa yakatoroka.”

Wakacheka wote. Mwanamisi akacheka pia, lakini ndani alikuwa anachemka.

“Nipe nafasi,” akasema.

“Nakupa. Bodi inakuja Alhamisi ya mwisho ya Januari. Mistari yako isimame dakika tano mbele yao, na mimi mwenyewe nitatafutia kompyuta mahali pengine. Isiposimama, Ijumaa hiyo jiwe litoke. Hiyo ni sawa?”

“Ni sawa,” akasema Mwanamisi, na walimu wote walikuwa mashahidi.

Basi hapo ndipo alipoanza kuhangaika. Alipokuwa peke yake asubuhi, mistari ilitulia. Kufika saa nne, inakimbia. Inatulia adhuhuri, saa kumi jioni inakimbia tena. Aliandika yote kwenye daftari, siku baada ya siku, na saa zilikuwa zilezile. Kuna kitu kinatikisa ardhi ya Ruiru mara mbili kwa siku, akajiambia, na nitakijua. Alienda stesheni kuuliza ratiba ya treni. Hakuna treni ya saa nne. Alienda kiwanda cha kahawa kuuliza mashine ya kumenya inawashwa saa ngapi. Saa saba. Alisimama kando ya barabara akihesabu malori mpaka akaunguzwa na jua. Alilaumu mvua za Novemba kwamba zimelegeza udongo, akabadilisha tyubu, akaongeza mchanga chini, akagombana na Fahim kuhusu viraka. Mistari haikujali. Desemba chuo kikafungwa akiwa hajui lolote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwanamisi aliogopa kwamba kweli hii kazi imemzidi.

Januari chuo kikafunguliwa, na wiki iliyofuata Ramadhani ikaanza. Jumatatu hiyo Mwanamisi aliingia kazini amefunga. Chupa ya chai aliiacha nyumbani. Njambi na wale wengine, kwa heshima yake, wakaenda kunywea chai yao ofisini. Saa nne ikafika. Mwanamisi alikuwa ameketi kwenye kona yake na daftari, kalamu tayari kuandika mistari inakimbia, kama kawaida.

Haikukimbia. Saa nne na robo, imesimama. Saa nne na nusu, imesimama. Saa kumi jioni ilisimama vilevile, mpaka akainuka akaichungulia kama imechorwa kwa rangi.

“Yarabi,” akasema kwa sauti. “Ni chai!”

Kesho yake alimwita Njambi, akamwambia aje na kikombe cha chai ya moto kabisa na akiweke juu ya jiwe, pale pale walimu walipozoea kuweka vyao.

“Niko na aibu kunywa mbele yako umefunga.”

“Usinywe. Weka tu.”

Njambi akaweka. Mvuke ukapanda juu ya njia ya mwanga, na ukutani mistari ikaanza kusogea, mmoja, miwili, kisha mbio. “Toa,” Mwanamisi akasema. Kikatolewa. Baada ya muda mistari ikapungua mwendo, ikatulia. “Sasa weka mkono wako hapo juu, usiguse kitu.” Njambi akanyoosha mkono mtupu, na joto la kiganja tu likatosha kuiyumbisha.

“Hĩ! Hata mkono?”

“Hata mkono. Hewa ikipata joto, mwanga unapita tofauti. Na jiwe nalo linavimba, hata kama wewe hulioni.” Mwanamisi alikuwa anacheka na kutikisa kichwa. “Miezi mitatu nimeenda mpaka stesheni kutafuta mchawi, kumbe ni mimi na chupa yangu. Kila ninayempenda namkaribisha aje aniharibie kazi!”

Kucheka kuliisha alipofikiria ile Alhamisi. Bodi ilikuwa watu wanane. Watu wanane wakizunguka jiwe ni sawa na majiko manane. Chai angeweza kuwanyima, huo ni mwezi wa Ramadhani, wangeelewa. Lakini haikutosha kuwanyima chai. Ilibidi wasiingie kabisa.

Jioni hiyo, baada ya futari, alimweleza mama yake. Bi Hayat aliweka chini kikombe cha uji.

“Wageni wazima, watu wa makamo, uwasimamishe nje?”

“Ndiyo, mama. Wataona kutoka mlangoni.”

“Kwani wamekuja kuomba chumvi? Mwanamisi, mimi sikukulea hivyo.”

“Hukunilea hivyo, mama, najua.”

“Basi sitaki kusikia.”

Hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya Kaleli. Angeweza kubishana na mtu yeyote Thika mpaka Ruiru, lakini mama yake akigeuza uso namna ile alijihisi ana miaka saba. Hata hivyo hakubadilisha nia.

Alhamisi ilipofika alikuta Bwana Kaleli amemtangulia. Viti vinane vimepangwa kuzunguka jiwe, kitambaa cheupe, maua, mandazi na chupa mbili za chai. Mwanamisi alianza kutoa viti, kimoja kimoja, kisha chai na mandazi, mpaka varandani na kuvuka hadi ukumbini.

“Unafanya nini?” Kaleli alimnong'oneza kwa ukali. “Wako getini!”

“Ulisema mistari isimame dakika tano. Nataka isimame.”

“Sasa wakae wapi?”

“Hawakai. Nenda uwalete, Bwana Kaleli. Na tembeeni polepole.”

Njambi alikuwa ametundika blanketi mbili varandani kuzuia jua. Bodi ikaja, na mbele yao Mzee Kang'ethe, mwenyekiti, mkulima wa kahawa mwenye kofia na bakora, mkono ameshaunyoosha wa kusalimia na mguu ameshauinua kuvuka kizingiti. Mwanamisi alikuwa amesimama katikati ya mlango. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akainama kwa adabu zote, na hakusogea.

“Karibu sana chuoni, mzee. Lakini humu ndani hamtaingia.”

Kuna mama mmoja wa bodi aliyesema “Ati?” Kaleli alifumba macho. Mwanamisi alisikia uso unamwaka moto na sauti ya mama yake iko sikioni, lakini akaendelea, na sauti yake ile ya kusikika shambani, siku hiyo aliitoa taratibu.

“Si dharau. Hii kitu inaona joto la mwili. Nikiwakaribisha vile nilivyolelewa, nitawakaribisha kuona doa tupu. Mkisimama hapo bila kusogea, nitawaonyesha kitu hamjawahi kuona. Nawaomba.”

Mzee Kang'ethe akarudisha mguu nje.

“Tusimame,” akawaambia wenzake.

Wakasimama, watu wazima na vyeo vyao, wamebanana chini ya blanketi kama foleni ya zahanati. Ukutani mistari ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya nyayo zao. Ikapungua. Ikatulia. Mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, imenyooka. Mwanamisi, ameegemea ukuta wa mbali, alikuwa anatazama saa. Dakika moja. Mbili. Mtu alitaka kukohoa akazuiwa kwa kiwiko. Dakika ya tano ilipotimia hakuna aliyepumua vizuri, na mistari ilikuwa palepale.

“Sasa, mzee, gonga bakora chini. Mara moja.”

Kang'ethe akagonga. Mistari yote ikashtuka, ikacheza, ikarudi. Akagonga tena bila kuambiwa. Halafu tena, akitabasamu. Yule mama wa “Ati?” akakanyaga chini kwa kisigino aone kama naye anaonekana. Alionekana.

Kaleli aliona upepo umegeuka, na mtu akiona hivyo huongeza lake. “Na hii, mzee, ndiyo itashika mawimbi ya nyota! Chuo chetu kitakuwa cha kwanza Kenya!”

Mwenyekiti akamgeukia Mwanamisi. “Ni kweli, mama? Hii itashika?”

Hapo ndipo hatima ya chumba ilipokuwa imening'inia, na Mwanamisi alijua. Neno moja tu, ndiyo, na hakuna mtu Ruiru angemkosoa mpaka anastaafu. Kaleli alikuwa anamwashiria kwa kichwa kwa nyuma: sema ndiyo.

“Hapana, mzee,” akasema. “Hii haitashika hata siku moja. Hata ile ya Wamarekani ya kilomita nne bado haijaisha kujengwa, na ikiisha huenda wakangoja miaka mingi bila kuona kitu.”

“Sasa yako ni ya nini?”

“Siku yao itakapoona, mzee, redio itasema kwa dakika moja, halafu iende kwa habari za mpira. Watu watauliza, hao wameona nini? Mimi nataka kuwe na watu mia mbili kutoka Ruiru na Thika watakaosema, mimi najua, kwa sababu nilisimama kwa mlango fulani nikaona mwanga ukishtuka nilipokanyaga chini. Kompyuta wasome, sipingi. Lakini hii hawataiona mahali pengine.”

Kang'ethe alivua kofia, akajikuna kichwa.

“Nimekaa kwa hii bodi miaka tisa,” akasema. “Kila mtu huniambia kitu chake kitafanya maajabu. Wewe ni wa kwanza kuniambia chako hakifanyi kazi.”

“Kinafanya kazi, mzee. Ni kidogo tu.”

Mzee alicheka mpaka ukutani mistari ikacheza. Kisha akamwambia Kaleli, bila kupandisha sauti, kwamba kompyuta zitafutiwe chumba kingine na hilo neno lisirudi mezani. Kaleli akasema ndiyo mzee, na kwa haki yake, alisema kama mtu aliyepumua. Mwanamisi alishika ukingo wa dirisha. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi, na hakujisumbua kuyaficha.

Wengine walipokuwa wanaelekea ukumbini kunywa chai, Kang'ethe alibaki nyuma, akachungulia tena mlangoni.

“Mama, Jumamosi naweza kumleta mke wangu aone?”

“Mlete, mzee.” Mwanamisi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. “Lakini pia yeye atasimama nje.”